Gunia la Mwani Nililolirejesha

Jumapili. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na uchochoro wetu hapa Mkunazini unapitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nyumba yangu inanuka bahari. Si ile bahari wanayoipiga picha wageni. Ni bahari ya maji kupwa, ya vitu vilivyolowa vikakaa. Harufu inatoka kwenye gunia lililoko ukumbini, hatua tano kutoka hapa nilipokaa. Nimelileta mwenyewe jana, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Sijaandika kitu humu tangu Ramadhani. Nilikuwa sina la kusema, au nilikuwa nalo na sikutaka kuliona limeandikwa.

Leo naliandika. Nimewakosea watu, na ndio watu pekee niliobaki nao.

Nianze na kazi, maana ndiko lilikoanzia. Ninafanya kazi, au niseme mpaka mwisho wa mwezi huu ninafanya kazi, katika ofisi ndogo ya shirika moja la kimataifa, la aina ile inayoundwa na serikali za nchi nyingi. Watu wakilisikia jina lake wanadhani nimekalia hazina. Ndugu ambao hawakuja kwenye msiba wa mama yangu wananipigia simu niwaingizie watoto wao kazini. Ukweli ni kwamba nchi wanachama zinalipa ada zao, na ada zile zinatosha jengo la makao makuu, mikutano, na wakalimani wa mikutano. Kazi yenyewe, ile ya kwenda Jambiani na Paje kukaa na akina mama wanaolima mwani, inaishi kwa michango ya hiari. Nchi fulani ikijisikia, inatoa. Kampuni fulani ikitaka jina lake lisafike, inatoa. Sisi wa hapa Unguja tulikuwa na familia moja ya matajiri wa mbali.

Familia hiyo sijawahi kuiona. Nimeiandikia barua za shukrani tu, na barua zangu zinasifika. Makao makuu wamewahi kuzitumia kama mfano kwa ofisi nyingine. Pesa za familia zilikuja kila moja na shughuli yake: hizi za vichanja vya kuanikia mwani, hizi za mafunzo, hizi za mshahara wa mtu mmoja wa kusimamia. Mtu mmoja huyo ni mimi. Printa ya ofisi ilipoharibika tulikaa nayo imekufa mwaka mzima, kwa sababu hakuna mfadhili aliyetokea kuipenda printa.

Miezi mitatu nyuma, familia ile ilihamishia mapenzi yake kwa nyuki. Wapo nyuki katika nchi nyingine wanaohitaji msaada, na mimi sina ugomvi na nyuki. Mtoaji wa hiari ana hiari pia ya kuacha. Hilo nimelifundisha mwenyewe kwenye semina, kwa michoro na mishale, na wala sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wa mishale ile unanielekea mimi.

Basi mradi unafungwa, na mimi na mradi.

Nina miaka arubaini na saba. Aliyekuwa mume wangu yuko Maskati na maisha yake, Mungu amjaalie. Watoto hatukupata. Mama alifariki mwaka juzi, katika chumba hiki hiki ninachoandikia. Nyumba ya kushoto, alikozaliwa rafiki yangu wa utotoni, ni hoteli. Nyumba ya kulia ni hoteli. Majirani zangu wanabadilika kila baada ya siku tatu na wanavuta masanduku ya magurudumu. Ramadhani hii nilipika futari ya siku ya kwanza kama nilivyozoea, nikapakua sahani ya jirani, nikaifunika na kawa, nikafika nayo mlangoni. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa sina jirani. Nikampa mlinzi wa hoteli, ambaye alikuwa Mkristo wa bara na alishakula mchana wake, naye kwa adabu akaipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku ile sijapika. Nakunywa chai na mkate wa boflo, jioni nanunua urojo pale pembeni. Jiko langu lina vumbi, na nasema hivyo bila ya kujisifu.

Nilichokuwa nacho ni Jambiani. Kila Jumanne na Alhamisi, miaka sita. Nilikuwa naondoka ofisini nimevaa kitambulisho shingoni, nikifika nakivua nakitia mkobani, navua na viatu, nakaa kwenye mkeka pamoja na akina mama tukichambua mwani na kuchambua watu. Mkubwa wao ni Bi Kazija. Ana miaka sitini na kitu, mkono wake wa kulia hauna nguvu sana kwa sababu ya miaka ya kufunga kamba ndani ya maji, na ulimi wake una nguvu za mikono yote miwili. Katibu wa kikundi ni Wanu, msichana aliyemaliza skuli na ana mwandiko mzuri. Wengine sitawataja, ni wengi na ni watu wa haya.

Mama alipofariki walikuja. Sikuwaita. Walikuja na mchele, nazi na kuni, kama vile mjini hakuna kuni, wakaliteka jiko langu siku tatu. Bi Kazija alilala kwenye jamvi karibu yangu, na kila nikiamka kulia namkuta macho. Hakunambia nyamaza. Alikuwa akiniuliza tu kama nimekula.

Sasa nifike kwenye gunia.

Nilipokwenda kuwaambia kwamba mradi unafungwa, walipokea habari kama watu wazima. Walishaona miradi ikija na miradi ikienda. Bi Kazija akauliza, "Na wewe?" Nikasema na mimi pia, mwisho wa mwezi ujao. Alifunga fundo la kamba, akaanza jengine.

Wiki iliyofuata walikuja mjini, yeye na Wanu, kwa gari ya shamba. Wakamlipa hamali wa Darajani awasukumie gunia mpaka ofisini kwetu. Mimi nilikuwa juu, kwenye mkutano wa mtandaoni. Mada ya mkutano, naapa sitanii, ilikuwa namna ya kupata wachangiaji wapya. Nilipopewa karatasi kwamba nina wageni nikaandika juu yake "wasubiri kidogo". Walisubiri barazani mpaka wakaogopa kukosa gari ya kurudia. Niliposhuka nikakuta gunia tu, limejaa mpaka shingoni, mwani mkavu mzuri, wa rangi moja, uliochaguliwa. Juu yake kipande cha karatasi kwa mwandiko wa Wanu: *Mchango wa hiari. Kutoka kikundi cha mwani, Jambiani. Kwa ofisi ya Bi Rukia.*

Nililia, hilo niliandike pia. Nililia pale pale ngazini.

Halafu nikafanya kazi yangu.

Kwa taratibu zetu hakuna kitu kinachoingia shirikani bila ya kuhakikiwa. Mchangiaji binafsi, awe na kiwanda au awe na gunia, anajaziwa fomu. Fomu ina sababu yake. Wapo watu wanaotaka kusafishia majina yao kwetu. Bosi wangu, ambaye yuko Dar na ni mtu mzuri, aliniambia niijaze tu, tuone. Kwa hiyo nikampigia Bi Kazija, nikamsomea maswali.

"Chanzo cha mali yako?"

"Bahari, mwanangu."

"Umewahi kushtakiwa kwa rushwa au utakatishaji wa fedha?"

"Na nani?"

"Unatengeneza au unauza silaha? Tumbaku?"

"Rukia, una homa?"

Nikacheka. Nikamwambia ni utaratibu tu, Bi Kazija, usijali. Akaniuliza, "Kwani hujapokea bado?" Nikamjibu kuwa bado, liko kwenye utaratibu. Akasema, "Haya."

Anayejua Kiswahili cha watu wazima wa huku anajua "haya" ile ina uzito gani. Mimi nimezaliwa nacho, na sikuisikia.

Kibaya zaidi, niliifanya hadithi. Kwenye mkutano uliofuata nilisimulia lile jibu la "na nani", na nyuso zote pale kwenye kioo cha kompyuta zikacheka. Mtu wa mawasiliano, huko makao makuu, akaipenda sana. Akaomba picha. Nikampa picha ya gunia limeegemea ngazi yetu, na mwani umechungulia juu. Imeshatoka kwenye jarida la shirika, na maneno mazuri chini yake kuhusu wanaosaidiwa wanapogeuka kuwa wasaidizi.

Siku tatu baada ya mkutano ule, jibu la wanasheria wa makao makuu kuhusu fomu likaja. Mchango wa vitu unapokelewa tu kama vitu vyenyewe vinatumika katika mradi. Mradi umefungwa. Kwa hiyo warejeshewe, kwa shukrani.

Picha imepokelewa, gunia limekataliwa. Nililiona hilo wakati ule ule, sisemi kwamba sikuliona. Lakini nilikuwa nimebakiwa na wiki chache, na nilitaka kumaliza vizuri, faili safi, bila ya doa. Nikakaa nikaandika barua ya kurejesha. Niliiandika kwa Kiswahili changu bora. "Shirika linathamini kwa dhati moyo wenu wa kujitolea, hata hivyo, kwa mujibu wa taratibu..." Nikaipiga muhuri.

Mzee Haji, dereva wetu, alikuwa amelishika gunia masikio mawili, hajalinyanyua. Akaniambia, "Bi Rukia, mchango haurejeshwi."

"Barua imeeleza kila kitu, Mzee Haji."

"Barua," akasema. Akalinyanyua.

Ninajua, na nilijua. Hakuna asiyejua. Mtu akikuletea kitu katika shida yako, hata kama ni nazi moja iliyooza, unapokea. Ukiikataa umemwambia kwamba shida yako si yake, na yake si yako, na kwamba mkikutana njiani mtasalimiana kama watu wa vyombo viwili vilivyopishana baharini. Watu wamehama mtaa kwa jambo hilo. Mimi nilijua hayo yote kama mtoto wa Unguja, na nikayaweka pembeni kwa sababu nilidhani gunia lile linahusu shirika, na shirika halina mtaa.

Alhamisi ile sikwenda, nikapiga simu kuulizia kama limefika. Simu iliita mpaka ikakata. Nikampigia Wanu, akapokea, akasema Bi Kazija yumo majini, na yeye mwenyewe yuko mbioni. Ilikuwa saa ambayo maji yamejaa. Hakuna anayekuwa majini saa ile.

Siku kumi. Sikuwahi kujua kwamba simu inaweza kunyamaza namna ile. Kila ikilia ni kampuni ya simu inaniuzia vifurushi. Jumanne ikapita, Alhamisi ikapita. Nilikaa ofisini nikipanga mafaili ambayo hakuna atakayeyafungua, na nikirudi nyumbani nawasikia wageni wa hoteli wakicheka kupitia ukuta.

Jana nikashindwa. Nikamwomba Mzee Haji anipeleke, si kwa gari ya ofisi, kwa kigari chake mwenyewe. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Njia nzima hakusema kitu ila kuhusu mashimo.

Walikuwepo wengi, chini ya lile banda la mabati, mvua inanyesha. Nilitoa salamu, wakaitikia vizuri, kila mmoja. Nikamwamkia Bi Kazija, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba," wala hakuikata. Adabu yote ilikuwepo. Nikainama kuvua viatu nikae mkekani.

Nikaletewa kiti.

Kiti cha plastiki, cheupe, kile wanachokitoa akija mkaguzi kutoka makao makuu. Wanu akakifuta maji kwa upindo wa kanga yake. Kikafuatiwa na soda, na mrija wake umo ndani. Miaka sita sijawahi kuletewa soda pale. Nikakaa, mimi juu na wao chini, nikashika chupa ile kama mtu aliyepewa kitu amshikie mwenzake. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu kama wangenitukana.

Na gunia nikaliona. Liko nje kidogo ya banda, chini ya mchirizi wa mabati, pale pale Mzee Haji alipoambiwa aliweke. Mvua ya siku kumi imelipiga. Mwani mkavu ukinyeshewa umekwisha. Unaachia rangi yake, unakuwa mweupe mweupe na laini, hakuna mnunuzi atakayeugusa. Maji ya kahawia yalikuwa yakichuruzika kutoka chini yake yakiingia mchangani.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, "Kwa nini hamkuliingiza ndani?"

Bi Kazija alikuwa akifunga kamba. Hakuniangalia.

"Nani aliingize? Kitu kishatoka mkononi. Anayekiingiza kwake kala sadaka yake mwenyewe. Weye ungeliingiza?"

Nikaitazama chupa ya soda.

"Nnakuuliza, mwanangu."

"Nisingeliingiza."

"Basi."

Nikaanza kueleza. Nikaeleza uhakiki, nikaeleza wanasheria, nikaeleza kwamba shirika haliwezi kupokea kitu ambacho haliwezi kukitumia. Nilijisikia nikisema "kwa mujibu wa". Mwanamke mmoja aliyekaa pembeni akacheka kidogo, si cheko la kunishirikisha.

Bi Kazija akaweka kamba chini.

"Sie hilo shirika twalijua wapi, Rukia? Limekuja lini hapa likakaa? Sie twakujua weye. Umekuja hapa ukasema kazi imekufa. Mtu akifikwa anaendewa. Tulikaa hapa hapa, kila mmoja akatoa kiganja chake katika mwani wake mzuri, hakuna aliyetoa wa chini, tukasema tumpelekee, auze, apate pa kuanzia, hana mama, hana mtu. Wanu akaandika mchango wa hiari kwa kuwa weye ndiye uliyetufunza, kila kinachoingia ofisini kiandikwe. Tukakungoja barazani, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri."

Akapumua.

"Mamako alipokufa ulipokea. Hukutuuliza kama twauza bunduki."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Karatasi ile nilikuwa nimeisoma mara tatu, kisha nimeiambatanisha kwenye faili. *Kwa ofisi ya Bi Rukia.* Nilikuwa nimesoma ofisi. Jina langu nililiruka, kwa sababu katika barua zote nilizoandika kwa miaka sita hakuna kitu kilichowahi kuja kwa jina langu.

"Mngenambia," nikasema. "Siku ile kwenye simu, mngenambia kuwa ni langu."

"Mtu hasemi nimekupa weye," akasema Bi Kazija. "Anatoa, basi." Akairudia kamba yake.

Nikainuka. Nikauliza kama naweza kulichukua. Akafunga fundo moja, akafunga la pili. Kisha akasema, "Lako. Lilikuwa lako tangu hapo."

Gunia lililolowa ni zito, sikujua ni zito namna ile. Mzee Haji akashika upande mmoja na mimi mwengine, baibui langu likajaa matope, tukalipakia kwenye viti vya nyuma vya kigari chake, na yeye hakutandika hata gazeti. Wanu alitushikia mlango. Wengine walibaki wamekaa. Huku kwetu mgeni anasindikizwa, hata adui anasindikizwa mpaka njia panda. Mimi nilitazama nyuma mpaka tukapinda kona, na banda lilikuwa lile lile, migongo imeinama juu ya kamba.

Mzee Haji alinisaidia kulipandisha ngazi. Ana miaka mingi na ngazi zangu ni za zamani, tulipumzika mara mbili. Nilitaka kumlipia kusafishiwa gari, akakataa kwa mkono.

Leo asubuhi nimetandika mkeka wa mama ukumbini na nimejaribu kuuanika mwani, kiganja kiganja, nikawasha na feni juu. Hautakauka. Hata ukikauka haufai kitu. Kiganja kimoja kinanata, chengine kimeshaanza kuoza katikati. Nilikuwa najiuliza kipi ni cha nani. Kile cha Bi Kazija nadhani ningekitambua kama kingekuwa kikavu, yeye huchambua mpaka mchanga wa mwisho.

Meneja wa hoteli ya kushoto amegonga mlango, kijana mpole wa shati lililopigwa pasi, akaniuliza kama bomba la maji machafu limepasuka kwangu, kwa sababu wageni wanalalamika. Nikamwambia hapana, ni mchango. Akaniangalia, akaniomba radhi, akaondoka.

Nikarudi kukaa mkekani, na ndipo jambo lenyewe liliponijia, la ajabu ni kwamba halikunijia jana. Jana nilieleza, nikauliza, nikalalamika, nikabeba. Neno moja sikulisema. Mimi, ambaye barua zangu za shukrani zilikuwa mfano kwa ofisi nyingine. Nimewashukuru matajiri nisiowajua kwa vichanja, kwa semina, kwa ahadi ambazo hazikutimia, nimewashukuru hata walipokuwa wakituaga kwenda kwa nyuki. Watu walioinama majini kwa ajili yangu nimewapelekea barua yenye muhuri.

Nilijaribu kuandika. Nilianza, "Kwa moyo wa dhati..." nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Lugha yote niliyonayo ya kushukuru nimeitumia kwengine, imechakaa.

Nikachukua simu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshamalizika, na nilihesabu kwamba atakuwa ameshaswali. Iliita sana. Nilikuwa nimeshakata tamaa na nimeitoa sikioni niliposikia mtu amepokea na mvua inapiga mabati kwa nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba."

Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea yote.

"Nimepokea," nikasema.

Mvua ya Jambiani ikawa inanyesha ndani ya simu. Ya kwangu ikawa inanyesha dirishani. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilikuwa nalia na nadhani alisikia, na kama kawaida yake hakunambia nyamaza.

Kisha akasema, "Umekula?"

Miaka miwili hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Mlinzi wa hoteli haulizi, bosi wangu haulizi, na familia ya nyuki haikuwahi kuuliza.

"Bado," nikasema.

"Basi pika ule, kisha unipigie."

Akakata. Hakusema amenisamehe, na sijui kama amenisamehe. Jumanne nitakwenda tena, bila ya kitambulisho, na sijui kama nitaletewa kiti au mkeka. Nikiletewa kiti nitakaa, na Alhamisi nitarudi.

Mchele nimeukuta, uko nyuma ya kopo la sukari, haujaingia wadudu. Nazi sina, lakini naona duka la pembeni limefungua. Naacha kuandika hapa. Nakwenda kupika.